Huyu Anayenong'ona ni Nani?

Mzee alivua hedifoni, akazigeuzageuza mkononi kama mtu anayekagua viatu vya mtumba, kisha akaniuliza: "Inanga ni yangu, hilo nakubali. Ila huyu anayenong'ona ni nani?"

Alikuwa ni yeye mwenyewe. Hata dakika tano hazikuwa zimepita tangu amalize kupiga na kunong'ona, akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwake, wajukuu wawili wamejibanza ukutani. Tulikuwa Nduta, kambi ya wakimbizi wa Burundi hapa wilayani Kibondo, na mimi nilikuwa na kibali cha siku moja, mkoba wa nyaya na uhakika kupita kiasi. Chini ya inanga nilikuwa nimebandika kisahani cha kunasa mtetemo wa mbao. Karibu na mdomo wake niliweka maikrofoni ndogo. Mashine ilirekodi kila kimoja kwenye njia yake, safi kabisa, inanga sikio la kushoto, sauti sikio la kulia. Fundi mitambo angenipa mkono wa pongezi. Mwenye muziki hakujitambua.

Swali lile limenikaa kichwani. Linanirudia kila ninapoona besi la kusimama limechomekwa waya jukwaani, maana ujuzi wangu wote wa kubandika visahani ulitoka kwenye besi, na nadhani kosa langu la Nduta nililibeba kutoka huko huko.

Nianze na besi basi. Nilikuwa Dar es Salaam, na rafiki yangu alikuwa anapiga besi la kusimama kwenye kikundi kidogo cha taarab. Kwa ambaye hajawahi kulisogelea: ni chombo cha ukoo wa fidla, kirefu kuliko anayekipiga, nyuzi nne, na uzi mnene kuliko yote hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Liliingia kwenye taarab ya Unguja kwa njia ya Misri. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, na Culture Musical Club kilichoanza 1958, vilikua vikifuata mfano wa okestra za Cairo, zile tulizozoea kuzisikia nyuma ya Umm Kulthum: safu ya fidla, kanuni, udi, nai, na chini ya wote besi, likidonolewa kwa vidole, likiwaambia wengine ardhi iko wapi.

Shida ya besi ni kwamba lina mwili mkubwa na sauti isiyofika mbali. Ukumbini penye watu mia tatu, akinamama wakianza kuinuka kwenda kutunza, besi linamezwa. Si shida ya Waswahili peke yao. Marekani, miaka ya 1940, mpiga besi aitwaye Everett Hull alitega kifaa cha kunasa sauti kwenye ule mguu wa chuma ambao besi husimamia, na jina la kampuni yake, Ampeg, linatokana na mguu huo. Mwaka 1951 Leo Fender akaja na jibu jingine: acha sanduku nyumbani, chukua gitaa la besi. Taarab ya kisasa, ile ya miaka ya 1990 ya kina East African Melody, ilikubaliana na Fender. Kinanda cha umeme kikachukua nafasi ya fidla, gitaa la besi likachukua nafasi ya lile jitu la mbao. Sina ugomvi na rusha roho. Nimeicheza sana. Lakini rafiki yangu hakutaka gitaa la besi, alitaka besi lake lisikike, na hela ya kununua kifaa cha dukani kutoka Ulaya hakuwa nayo.

Wanamuziki wanakiita pikapu. Kibondo ukisema pikapu utaulizwa imebeba maharage ya nani, ila humu nitatumia neno lao. Pikapu ya maskini ni kisahani cha piezo: bati jembamba la rangi ya dhahabu, upana wa milimita 27, lenye duara jeupe la kauri katikati. Ndicho kile kile kinacholia "tiii" ndani ya saa za kengele. Ukikipelekea umeme kinatetemeka. Ukikitetemesha kinatoa umeme. Jambo hilo la pili lilionyeshwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Kwa fundi redio unakipata kwa bei ya soda.

Jaribio la kwanza tulikibandika kwa selotepu juu ya kifua cha besi, tukachomelea waya kwa risasi, tukachomeka moja kwa moja kwenye miksa. Ilitoka sauti ya debe. Besi zima, chombo cha kilo na kilo, likalia kama redio ya mkulima iliyoishiwa betri. Tulilaumu kisahani, tukalaumu selotepu, tukakaribia kulaumu waganga. Kumbe hesabu ilikuwa rahisi. Kisahani kama kile kina uwezo mdogo sana wa kusukuma umeme. Ukikichomeka kwenye mlango wa miksa wenye ukinzani wa ohmu 10,000, sauti zote zilizo chini ya hezi 800 hivi zinaanza kuporomoka, na besi linaishi karibu lote chini ya hapo. Kinahitaji mlango wa ohmu milioni moja au zaidi, kama ule wa amplifaya ya gitaa, au kikuza sauti kidogo cha transista moja na betri ya volti 9 katikati. Tulipokitengeneza hicho, ndani ya kopo la bati ili kuzuia ile ngurumo ya umeme wa ukutani, ardhi ikarudi chini ya miguu yetu.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza, na hapo ndipo mimi, mwandishi wa habari niliyekuja kushika tochi tu, nilipoanza kuona kwamba tunafanya uhakiki. Maana swali lilikuwa: tukiweke wapi?

Nyuzi za besi zinapita juu ya daraja, kibao kilichosimama kwa miguu miwili juu ya kifua. Chini ya mguu wa upande wa nyuzi nene, kwa ndani, kuna ufito mrefu uliogundishwa. Karibu na mguu wa upande wa nyuzi nyembamba kuna nguzo inayoshuka hadi mgongoni. Bandika kisahani upande wa ufito, utapata sauti pana, yenye kuvuma, na spika zikikaribia kidogo zinaanza kunguruma zenyewe. Bandika upande wa nguzo, utapata sauti iliyonyooka, kila dono linasikika, lakini kavu, kama mtu anayesoma shairi kwa kufuata mizani tu. Kwenye ubavu wa daraja unasikia kidole kuliko mbao. Katikati ya kifua unasikia sanduku kuliko uzi. Tulitumia nta ya nyuki, niliyokuwa nimetoka nayo nyumbani Kibondo, kwa sababu inashika vizuri, inabanduka bila kuumiza vanishi, na inakuruhusu kubadili mawazo. Tulibadili mawazo usiku kucha. Chombo kimoja kilitoa mabesi sita au saba, na kila mara rafiki yangu alitikisa kichwa: "Hili ni besi, ila si langu."

Sikuelewa wakati ule alimaanisha nini. Nikaona anadeka.

Kisahani kinasikia mbao pale kilipobandikwa, basi. Hakisikii hewa. Hakisikii pumzi inayotoka kwenye yale matundu mawili ya kifuani, wala mgongo wa besi, wala sakafu ya ukumbi inavyoitikia, wala ule muda mfupi ambao besi linautumia kufika kwa msikilizaji likiwa limeshachanganyika na dumbaki. Kinachukua dono na kulileta kabla halijavaa nguo. Wasikilizaji wa jazi wana malalamiko yao ya siku nyingi juu ya rekodi za miaka ya 1970, pale besi za kusimama zilipochomekwa moja kwa moja kwenye mitambo ya studio: mabingwa wa vidole, halafu sauti ya raba. Mimi nasikia ugonjwa huo huo kwenye taarab za majukwaa makubwa. Fidla zinapitia maikrofoni, zina hewa. Mwimbaji ana hewa. Besi peke yake linatoka kwenye waya, limesimama mbele ya wenzake kama mtu aliyeingia kwenye picha ya harusi akiwa amevaa fulana.

Ukitaka kusikia kinachokosekana, tafuta albamu ya Culture Musical Club iitwayo Bashraf, ambayo ni ya ala tupu, bila mwimbaji. Hakuna maneno ya kujificha nyuma yake. Sikiliza besi. Ukijaribu kulifuata peke yake linakuponyoka. Dono linaanza kwenye besi na kumalizikia kwenye dumbaki au kwenye mkono wa chini wa kanuni. Zamani niliona huo ni udhaifu wa kurekodi. Siku hizi naona ndiyo kazi ya besi la taarab, kutojulikana linapoishia. Gitaa la besi lina mpaka. Pikapu iliyobandikwa kwa haraka nayo inaweka mpaka.

Najua atatokea mtu wa kuniambia Konono No. 1. Haki yake. Mawangu Mingiedi na wenzake wa Kinshasa walichukua likembe, ala ya vidole gumba ambayo haisikiki upande wa pili wa barabara yenye magari, wakaitengenezea pikapu kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari, wakapitisha kwenye spika za tarumbeta. Sauti ilikwaruza, ilipasuka, na hawakuiomba msamaha. Albamu ya Congotronics ilipotoka 2004, Ulaya walidhani ni muziki wa kompyuta. Lakini angalia kilichofanyika. Mingiedi hakusema "hii ndiyo likembe ya babu, ila kubwa." Ule mkwaruzo uliingia kwenye utunzi, nyimbo zikapangwa kuuzunguka, ikawa ala mpya yenye jina la zamani. Huo ni uamuzi, na waliusimamia kwa miongo. Wengi wetu tunaobandika visahani hatujaamua chochote. Tunataka kitu kile kile, ila kwa sauti ya juu, na tunashangaa kimegeuka.

Sasa nirudi Nduta.

Mzee ndiye aliyeomba. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu kuna aina ya mhakiki anayependa wazee wabaki kimya na halisi. Alikuwa amesikia kwa vijana kwamba nina vifaa. Aliniambia, kwa Kirundi ambacho mimi Muha nakisikia bila mkalimani, kwamba wajukuu hawakai karibu tena. Siku za harusi kuna spika, na kwenye spika kuna Bongo Fleva. Ngoma hazina tatizo. Ngoma za Burundi, zile ambazo UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi mwaka 2014, hazijawahi kuhitaji msaada wa mtu kusikika. Lakini inanga si ngoma. "Weka hii kwenye spika," alisema, "waisikie kabla mimi sijarudi kwetu, au sijarudi kwa Mungu." Kambi hii ilifunguliwa upya 2015, na kuanzia 2017 mabasi yalikuwa yakiwarudisha Burundi waliojiandikisha. Mtu hakujua ni jirani gani atamkuta wiki inayofuata.

Inanga ni kipande kimoja cha mbao kilichochongwa kama hori, urefu karibu mita, na kamba moja ndefu inayokwenda na kurudi kwenye meno ya pande zote mbili mpaka zionekane nyuzi nane hivi. Sauti yake iko chini, ya taratibu. Na anayeipiga kwa namna ile ya kale haimbi. Ananong'ona. Mnong'ono hauna noti; koo halitetemeki, ni upepo unaopita tu. Lakini keti karibu naye, utaapa kwamba anaimba. Utasikia mnong'ono ukipanda na kushuka, ukifuata mahadhi. Cornelia Fales, mtafiti wa Marekani, ameandika juu ya jambo hili, pamoja na makala yake ya 2002 katika jarida la Ethnomusicology: noti ni za inanga, maneno ni ya mdomo, na sikio la msikilizaji linaviunganisha kuwa sauti moja ambayo haipo kwenye kimojawapo. Kirundi, kama Kiha, ni lugha ya toni. Neno lililopoteza toni limepoteza nusu ya maana. Mnong'ono hauwezi kubeba toni, inanga inaibeba kwa niaba yake.

Yaani wimbo wenyewe unatokea hewani, kati ya mbao na mdomo, kwa yule aliyekaa karibu. Na mimi nilikuja na mkasi. Kisahani kikachukua mbao, maikrofoni ikachukua mdomo, na ile hewa ya katikati sikuichukua kabisa. Kilichobaki kulia ni mwanamume anayepumua maneno yasiyo na toni. Huyu anayenong'ona ni nani? Ni swali sahihi kabisa.

Nilijitetea, bila shaka. Nilizihamisha njia zote mbili katikati, nikapunguza hii, nikaongeza ile. Ikawa afadhali kidogo. Lakini dono la kisahani lilikuwa kali mno mwanzoni mwake, na maikrofoni ya karibu ilileta mate na midomo, vitu ambavyo hakuna msikilizaji wa inanga aliyewahi kuvisikia. Sikio lilikataa kuviunganisha. Tukajaribu spika ya jirani, ya tarumbeta, ya kutangazia mkutano. Spika za namna hiyo hazijui sauti za chini. Inanga ilipotea karibu yote na kambi ikasikia upepo. Mtoto mmoja alicheka. Mzee hakucheka.

Kuna rekodi za Burundi alizofanya Michel Vuylsteke mwaka 1967, zilizotolewa na Ocora ya Ufaransa, na ndani yake kuna mnong'ono na inanga. Nilizijua tangu chuoni na nilikuwa nikiziona za kizamani, hazina ukali, hazina utengano. Nilizikumbuka pale kigodani, jua likiwa limeshapinda, kibali kikiwa na saa moja na nusu. Kwenye rekodi ile mtu ananong'ona na anaimba kwa wakati mmoja, na hakuna anayeuliza ni nani.

Basi nikabandua kisahani. Nta ilitoka bila kuacha alama. Nikachukua maikrofoni moja, nikaiviringishia kitenge kilichokunjwa, nikaiweka juu ya ndoo iliyogeuzwa, hatua moja na nusu kutoka kwa mzee, urefu wa kichwa cha mtoto aliyekaa chini. Mahali pa mjukuu, kwa kweli. Nikamwomba apige tena. Kuku walipita. Mtu alikuwa anapasua kuni nyumba ya tatu. Njia moja tu, bila kushoto wala kulia.

Kwa besi la rafiki yangu tuliishia karibu na hapo, ingawa kwa kuzunguka sana. Kisahani bado kipo chini ya mguu wa daraja, upande wa ufito, kwa sababu ukumbi ni ukumbi na watu wamelipa kiingilio. Lakini amekipunguza mpaka kinashika mzizi tu, na hatua moja mbele ya besi ameweka maikrofoni ya kawaida inayochukua hewa pamoja na dumbaki la jirani. Mafundi mitambo hawaipendi, wanasema inachafua. Anawaambia ndiyo, ichafue.

Spika ya harusi mzee hakuipata, na sijui kama siku moja ataipata. Aliposikiliza ile ya pili alinyamaza muda mrefu, akaomba irudiwe, akanirekebisha jina la mfalme mmoja ambalo mimi nilikuwa nimelisikia vibaya. Niliihamishia kwenye kadi ya simu ya mwanawe. Nilipokuwa nafunga mkoba wale wajukuu wawili walikuwa wamegawana hedifoni za simu, kila mmoja sikio moja. Kama ningewaachia rekodi ya kwanza, mmoja angesikia inanga na mwenzake upepo. Hii ilikuwa na vyote kila upande. Yule mdogo alikuwa anachezesha midomo, anafuata.